Kwa Nini Watu wa Sinema za Kale Hukimbia-kimbia?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Somo letu la leo ni juu ya sinema za kale zisizosema, na juu ya nakala mbaya za sinema hizo ambazo watu huzinunua kwa bei ndogo na kuzitazama nyumbani. Wekeni daftari na kalamu karibu, kwani katikati ya somo tutafanya hesabu kidogo.

Nitaanza na jambo lililotokea darasani kwetu hapa Ubaruku. Jioni moja, baada ya mavuno ya mpunga, tuliwasha televisheni tukaweka diski moja iliyonunuliwa kwa mchuuzi. Juu ya jalada palikuwa na picha ya Charlie Chaplin, yule mchekeshaji mwenye kofia nyeusi, fimbo na viatu vikubwa. Watu wakacheka sana. Lakini baada ya kitambo mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, hivi Wazungu wa zamani walitembea namna hii kweli, kama siafu waliomwagiwa maji ya moto?"

Kisha vikaja vile vibao vyenye maandishi, ambavyo katika sinema za kale huonyeshwa mahali pa maneno ya kinywani. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lakini kazi niliyowapa wanafunzi ilikuwa kutambua herufi tu. Mama mmoja, ambaye alikuwa amemaliza kitabu cha kwanza kwa bidii nyingi, akasogea mbele, akakaza macho, akarudi kwenye kiti chake kimya. Tulipotoka akaniambia, "Mwalimu, nadhani mimi bado sijajua kusoma. Au macho yangu yameharibika."

Basi, somo la leo ni jibu kwa mzee yule na kwa mama yule. Wazungu wa zamani walitembea kama sisi. Na macho ya mama ni mazima. Kosa lilikuwa katika nakala.

Mwendo wa picha

Kwanza tujue sinema ni kitu gani. Sinema ya kale ilikuwa utepe mrefu wenye picha ndogo ndogo nyingi, kila moja ikitofautiana kidogo na ile iliyoitangulia. Zikipitishwa upesi mbele ya taa, jicho halioni tena picha moja moja; laona mtu anakwenda. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu sinema kwa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi baada ya hapo, sinema nyingi zilikuwa bubu. Sinema ya Marekani iitwayo The Jazz Singer, iliyotoka mwaka 1927, ndiyo iliyofungua mlango wa sinema zenye sauti.

Katika siku zile za sinema bubu, mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono, kama mtu anayezungusha cherehani ya mkono. Mwingine alipiga picha 16 kwa sekunde moja, mwingine 18, mwingine 20 au zaidi. Sauti ilipokuja, ilibidi mwendo uwe mmoja, kwani sauti ikiharakishwa huwa nyembamba kama ya kifaranga. Basi mwendo ukawekwa kuwa picha 24 kwa sekunde.

Sasa shikeni kalamu. Sinema imepigwa kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde. Katika dakika moja, yaani sekunde 60, kuna picha ngapi? Zidisheni 16 kwa 60. Jibu ni 960. Mwenye kutengeneza diski hakujali jambo hilo, akazipitisha kwa mwendo wa 24. Gawanyeni 960 kwa 24. Jibu ni 40. Kazi iliyofanywa kwa sekunde 60 sasa inakwisha kwa sekunde 40. Mwanamke aliyetwanga mara 60 kwa dakika ataonekana anatwanga mara 90. Je, si ataonekana kama mwenye wazimu?

Labda mtu atasema, "Lakini wachekeshaji walitaka mwendo wa haraka." Ni kweli. Wengine walizungusha kamera polepole makusudi, ili mchezo uonekane wa haraka. Lakini hapo mwenye kazi alichagua mwenyewe mahali pa kukimbia na mahali pa kutembea. Nakala mbaya haichagui. Inakimbiza kila kitu, hata msiba.

Kopi ya kopi

Jambo la pili ni ukungu. Wengi wenu mmekwisha kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Ukitoa kopi kutoka cheti chenyewe, maandishi husomeka. Ukichukua ile kopi ukaitolea kopi nyingine, na hiyo nayo nyingine, mwisho muhuri unakuwa doa jeusi na jina lako halisomeki. Je, mtu akishindwa kulisoma, utasema hajui kusoma?

Sinema nazo ni hivyo hivyo. Utepe wa kwanza ulitolewa nakala. Nakala ile ikatiwa katika kanda ya video. Kanda ikatiwa katika diski. Diski ikapunguzwa ili sinema kumi au zaidi zienee mahali pamoja. Na leo twajaziwa katika flashi. Kila hatua imepunguza kitu. Nyuso zimekuwa nyeupe kama unga, usiku umekuwa giza tupu, na herufi za vibao zimeyeyuka. Herufi ndizo alizotafuta mama yule, naye hakuzipata kwa sababu hazikuwamo.

Jambo la tatu ni umbo. Picha za sinema bubu zilikuwa karibu na mraba: upana sehemu 4 na kimo sehemu 3. Televisheni za leo ni pana zaidi, sehemu 16 kwa 9. Nakala mbaya huivuta picha ili ijaze kioo, na watu wote wakawa wanene wafupi. Au huikata juu na chini, vichwa na miguu vikapotea. Kwa Chaplin hilo ni hasara kubwa, kwani nusu ya mchezo wake uko katika miguu.

Jambo la nne ni muziki. Sinema bubu hazikuonyeshwa kimya. Palikuwa na mpiga piano, na katika majumba makubwa kundi zima la wapiga muziki. Huko Japani palikuwa na msimulizi aliyesimama kando ya picha akiwaeleza watu habari yake, aliitwa benshi. Sisi nasi twajua kazi ya namna hiyo, kwani tumewasikia wasimulizi wa filamu za kigeni kwa Kiswahili, kama Lufufu. Nakala mbaya hutiwa muziki wowote ulio karibu, ngoma ya harusi juu ya picha ya mazishi.

Jambo la tano ni vipande vilivyopotea. Sinema ya Kijerumani iitwayo Metropolis ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1927. Baadaye ikakatwa sana, na kwa miaka mingi watu waliitazama wakiona hadithi haina kichwa wala miguu.

Kwa nini zinauzwa hivyo?

Haki ya mwenye kazi ina muda wake. Kwa sheria ya Marekani, sinema zilizotolewa huko kabla ya mwaka 1929 hazina tena mwenye kuzimiliki. Sinema nyingine zilikosa mwenyewe mapema zaidi, kwa sababu haki yake haikuandikishwa upya kwa wakati. Ndivyo ilivyokuwa kwa The General ya Buster Keaton. Sinema isiyo na mwenyewe kila mtu aweza kuitoa nakala na kuiuza. Hilo ni jema, kwani hata maskini ataiona. Lakini pia hapana mtu wa kumwuliza mwuzaji kwa nini ameiharibu.

Kutengeneza nakala njema ni kazi kubwa. Sinema ya saa moja yenye mwendo wa 16 ina picha 57,600. Watu hutafuta nepe zilizosalia katika nchi mbalimbali, huzilinganisha, huzisafisha, kisha hutazama mwendo wa mtu anayetembea, wa moshi na wa mawimbi, mpaka wajue kasi inayofaa. Huko Bologna, Italia, kazi ya kutengeneza upya sinema za Chaplin ilianza mwaka 1999.

Tena nepe zenyewe ni chache. Nepe za zamani zilitengenezwa kwa kitu kinachowaka moto upesi na kinachooza chenyewe. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 na Maktaba ya Bunge la Marekani ulionyesha kwamba, katika sinema ndefu bubu karibu 11,000 za nchi ile, zilizobaki nzima katika hali yake ya kwanza ni 14 tu katika kila 100.

Kwa hiyo tusiidharau kila nakala mbaya. Mwaka 2008, mjini Buenos Aires, nchi ya Argentina, ilionekana nakala ya Metropolis yenye mikwaruzo mingi kama mvua. Nakala hiyo mbovu ndiyo pekee iliyokuwa na sehemu kubwa ya vipande vilivyopotea. Mwaka 2010 sinema ikaonyeshwa tena, ikiwa imeongezwa dakika 25 hivi. Nakala mbovu ni afadhali kuliko kukosa kabisa, mradi mtazamaji ajue kwamba ni mbovu.

Yatuhusu nini sisi?

Yatuhusu sana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha kutengeneza sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt. Kituo kile kilitengeneza sinema 35 za kuwafundisha Waafrika, zikazungushwa kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Moja ya mwaka 1936 ilihusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Picha zilikuwa katika utepe, na maneno yalikuwa mbali katika santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Utepe ukitengana na santuri yake, watu waliomo huwa mabubu. Zilizosalia ni chache tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza.

Sinema zile zilisema yale waliyoyataka wenye kutawala. Lakini watu walioonekana ndani yake walikuwa babu na bibi za watu walio hai leo, wakilima na kutembea. Ikiwa siku moja mtaonyeshwa picha ya wazee wetu wa zamani wanaruka-ruka na nyuso hazina macho, msicheke upesi. Ulizeni kwanza: nakala hii imetoka wapi?

Mambo ya kufanya nyumbani

Moja: someni jalada kabla ya kulipa. Nakala njema hutaja urefu kwa dakika, na utepe ulikotoka, na mtunzi wa muziki. Sinema nyingi zilizosongamana katika diski moja ni dalili mbaya.

Mbili: watu wakionekana wanene, tumieni rimoti kubadili umbo la picha liwe 4 kwa 3.

Tatu: katika simu na kompyuta nyingi mwaweza kupunguza mwendo. Sinema inayokwenda 24, ikipunguzwa kufika robo tatu, itakwenda 18.

Nne: muziki usiofaa, uzimeni. Mmoja wenu asimulie kwa sauti.

Mimi nilifanya hivyo wiki iliyofuata. Nilipata nakala njema zaidi ya sinema ile ile, na vibao vilipotokea nikaisimamisha picha. Mama yule akasogea tena mbele. Akataja herufi moja moja mpaka mwisho wa mstari, asikosee hata moja. Kisha akasema, "Kumbe!" akaketi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Sinema ya dakika 3 ilipigwa kwa picha 16 kwa sekunde. Ikipitishwa kwa 24, itakwisha kwa dakika ngapi?
2. Taja vitu viwili, mbali na sinema, vinavyoharibika kwa kutolewa kopi ya kopi.
3. Je, umewahi kujilaumu kwa kosa ambalo halikuwa lako bali la karatasi au chombo? Waeleze wenzako.

Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.