Siku 17 Cairo, Tukingoja Viza

Mtu afungaye safari huifikiri nyumba aiachayo na nyumba aiendeayo, na mji wa katikati hauhesabu ila kwa saa. Nasi ndivyo tulivyouhesabu mji wa Cairo: kuingia Jumatatu, kugongewa viza Jumanne, na kuondoka Jumatano. Nchi tuliyokuwa tukienda haina ubalozi kwetu. Binti yetu aliyeolewa huko alikuwa mja mzito, mimba ya kwanza, na mwezi wake umekwisha kuingia. Mama yake alikuwa amejaza sanduku zima kanga, ubani, bizari na mafuta ya nazi. Ama sisi, mzigo wetu ulikuwa nia moja tu: kumwadhinia mjukuu wetu sikioni kwa sauti yetu wenyewe.

Karani wa dirishani alizipokea paspoti zetu kwa adabu, akatuambia, "Bukra", yaani kesho. Kesho ilipofika akasema bukra. Siku tano zikapita kwa neno hilo moja, na katika siku hizo hatukuona kitu cha Cairo ila njia ya kutoka hotelini mpaka dirishani. Masanduku hatukuyafungua. Kanzu ilifuliwa usiku ikavaliwa asubuhi ingali na unyevu. Tulikula mkate na jibini chumbani, tukagombana na mama watoto kwa mambo ambayo nyumbani tungeyacheka. Maana mtu aliyeambiwa kesho hawezi kwenda mbali, wala hawezi kutulia.

Hata sala zetu zilikuwa sala za njiani. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wanaijua mas-ala hii, lakini si vibaya vijana wakumbushwe. Msafiri akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, huwa mkaazi, na hana ruhusa tena ya kupunguza sala. Lakini aliyezuiwa na haja ambayo anatarajia kila siku kuwa itakwisha, huyo hupunguza mpaka siku 18. Basi wanavyuoni waliwafikiria watu wa dirishani miaka mingi kabla ya paspoti kuzuliwa.

Siku ya sita alitoka ofisa mwingine, mtu mzima, akatuambia kweli: majibu yanatoka makao makuu kwao, wala hayatafika kabla ya siku 10. Mama watoto akalia palepale. Tuliporudi hotelini adhuhuri imekwisha kuingia. Tukasimama, tukasali rakaa 4. Tulikuwa wakaazi. Baada ya sala tulimwona akifungua masanduku na kutundika nguo moja moja, bila ya kusema neno. Ajabu ni kuwa lile jibu zito la siku 10 lilitupa usingizi ambao bukra, kwa utamu wake wote, ilitunyima.

Tukapatana na mwenye hoteli bei ya juma, kwani fedha tulizochukua zilikuwa za siku tatu. (Kijana asafiriye na aweke kando fedha za siku asizozipanga, na nakala ya paspoti yake mfukoni.) Asubuhi tukala ful, maharage yaliyochemshwa usiku kucha, kwa mkate wa moto, mchana koshari, ambayo ni wali, dengu na makaroni katika sahani moja, chakula cha kushibisha mtu kwa fedha kidogo.

Kisha tukatoka kwa miguu. Katika kisiwa cha Roda, katikati ya mto Nile, tulishuka ngazi za kisima kilichojengwa mwaka 861 kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil. Ndani yake imesimama nguzo yenye alama za dhiraa. Maji ya mto yalikuwa yakiingia humo kwa njia za chini ya ardhi, na nchi nzima ikingoja habari ya nguzo ile. Yakifika dhiraa 16, kuna shibe, na kodi italipika. Yakipungua sana, kuna njaa. Bwawa kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 gharika za kila mwaka zilikoma, na kazi ya nguzo ikaisha. Mama watoto aliitazama sana, akasema, "Hawa walingoja mwaka kwa mwaka."

Siku nyingine tulikwenda kumzuru Imamu Shafi mwenyewe, ambaye pwani yetu imesali kwa madhehebu yake karne nyingi. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, akafa Misri mwaka 204. Naye alifika Misri mtu mzima, akakaa miaka michache tu, na katika miaka hiyo akazipima upya kauli zake nyingi. Ndiyo maana wanavyuoni husema kauli ya kale na kauli mpya. Kuba lake lilijengwa mwaka 1211, na juu yake pana chombo kidogo cha shaba mfano wa mashua. Mtu wa pwani akikiona hudhani amefika kwao.

Simu ilitujia siku ya 12, tukiwa katika safu ya mikate. Ni msichana, mama na mtoto ni wazima, alhamdulillahi. Baba yake alikwisha kumwadhinia. Tulisema vema, amefanya vema, na mkono ulioshika fedha ukatetemeka hata mwuza mikate akatuuliza kuna nini. Mama watoto alipomwambia, alikataa kupokea fedha ya mikate ile. Usiku tuliketi chumbani na lile sanduku la kanga katikati yetu.

Siku ya 17 karani yuleyule alitupa paspoti zetu, viza imegongwa. Akatabasamu, akatuuliza kama tumeyaonaje mapiramidi. Tukatazamana na mama watoto. Hatukuwa tumeyaona.