Shahada ya lugha inalipa? Jibu linaanzia sokoni Base Camp

Na Mwandishi Wetu, Nakivale

MKONGO akikwambia sokoni Base Camp kwamba anataka "kuuza" maharage, usikimbilie kumuuliza ana magunia mangapi. Huenda anataka kununua. Katika Kiswahili cha Wakongo wengi, kuuza ni kununua, na anayetoa mali yake kwa fedha "anauzisha". Mfanyabiashara aliyetoka Mbarara au aliyevuka Murongo akitokea Tanzania, asiyelijua hilo, anaweza kupatana bei nusu saa nzima na mtu ambaye naye anatafuta mzigo uleule.

Mambo yakikwama hivyo, huitwa kijana wa jirani anayejua lugha zote mbili. Anaeleza, watu wanacheka, biashara inaendelea. Kijana anapewa soda, au ahsante tu.

Soda hiyo inaleta swali linalowahusu wazazi wengi wanaoishi kwa biashara ya mpakani. Mtoto akileta barua ya chuo kikuu inayosema amepata nafasi ya kusoma isimu, yaani elimu ya lugha, je, ada ya miaka mitatu itarudi?

Kazi ya lugha ipo

Kama kuna mahali ambapo kazi ya lugha haikosekani, ni hapa. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Base Camp ni moja ya kanda zake tatu, pamoja na Juru na Rubondo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, ndiyo maana soko hili lina uhai.

Siasa za kanda nazo zinavuta upande huohuo. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaridhia uamuzi huo. Mwaka huohuo Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya, na Somalia ikafuata mwaka 2024. Kiswahili kimekuwa pia somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili nchini Uganda, katika mtaala ulioanza mwaka 2020.

Mshahara unasema nini

Hata hivyo, tamko si ajira. Ajira ya kwanza anayoifikiria mhitimu wa lugha ni ualimu, na hapo Uganda imeweka tofauti iliyo wazi. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule za sekondari hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa masomo ya sanaa, na lugha zikiwemo, alibaki kwenye milioni moja hivi. Walimu waligoma mwezi Juni, wakarudi darasani, na pengo likabaki.

Piga hesabu kama ya mzigo. Milioni 4 kwa mwezi ni milioni 48 kwa mwaka. Milioni moja ni 12. Kwa mwaka mmoja tu tofauti ni milioni 36, fedha inayotosha kuanzisha duka na kulijaza bidhaa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulijua wakiwa wamechelewa. Shahada ya isimu peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Asiyesomea ualimu chuoni hulazimika kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu kabla ya kusajiliwa. Hiyo ni ada nyingine.

Ukalimani nao una mipaka yake. Vituo vya afya, ofisi za hifadhi ya wakimbizi na kamati inayosikiliza maombi ya ukimbizi vyote vinahitaji mkalimani, na neno moja likitafsiriwa vibaya linaweza kumnyima mtu dawa sahihi au hifadhi. Lakini kinachotafutwa kwanza ni mtu anayezungumza Kisomali, Kibembe au Kinyarwanda, hata kama hana cheti. Kazi nyingi za aina hiyo hulipwa kwa posho. Shahada ya isimu humfundisha mwanafunzi jinsi lugha zinavyojengwa na zinavyobeba maana. Haimpi lugha mpya ya kuzungumza, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Cheti kilichovuka mpaka

Wapo pia waliokwisha kusoma. Vyuo vya ualimu vya mashariki mwa Kongo, kama ISP ya Bukavu, vimetoa walimu wa Kifaransa na Kiingereza kwa miaka mingi. Mhitimu wa namna hiyo akikimbilia Uganda, cheti chake hupaswa kulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, kwa ada na nyaraka ambazo aliyekimbia vita huenda aliziacha nyumbani. Bila hilo, elimu yake inaishia kwenye kibanda cha vocha.

Panapolipa

Shahada hii hulipa inapounganishwa na ujuzi wa pili. Aliyesoma lugha pamoja na ualimu ana soko la Kiswahili shuleni. Mwenye lugha na sheria ana mahakama na ofisi za wakimbizi. Mwenye lugha na taratibu za forodha anawafaa wafanyabiashara, maana hata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, humsumbua asiyeielewa lugha ya fomu.

Ujuzi wa nne ni kompyuta. Google iliongeza Kinyarwanda kwenye huduma yake ya tafsiri mwaka 2020, kisha Kiganda na Kilingala mwaka 2022. Mjini Kampala, Sunbird AI na Chuo Kikuu cha Makerere wamekusanya sentensi za lugha za Uganda, Kinyankole kikiwemo, ili kuifundisha mashine kutafsiri. Mashine hizo zinahitaji watu wanaojua kwa nini kuuza kwa Mkongo si kuuza kwa Mtanzania.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza ng'ombe au kukopa kwenye chama, mzazi aulize mambo matatu: kozi hii inamsajili mtoto kuwa mwalimu? Inamwongezea ujuzi gani mwingine? Ufadhili upo? Kwa wakimbizi, mpango wa DAFI wa UNHCR na Serikali ya Ujerumani umekuwapo tangu mwaka 1992, na Uganda imo.

Na sisi wenye mizigo tuna la kufanya pia. Biashara ya mamilioni ikiokolewa na kijana anayejua lugha mbili, apewe malipo ya kazi yake. Tukiendelea kumlipa soda, tusishangae mtoto wetu mwenye shahada naye akilipwa vivyo hivyo.