Sindano za Kichocho na Ini la Mkulima wa Misri

Mwaka 2008 Misri ilipima damu za watu wa umri wa miaka 15 hadi 59, mijini na vijijini, kutafuta homa ya ini C. Karibu asilimia 15 walikutwa na kingamwili za ugonjwa huo, na karibu asilimia 10 walikuwa na kirusi chenyewe mwilini. Wanavijiji waliathirika zaidi: takriban 12 katika kila 100 walikuwa na kirusi, wakati mijini ni kama 7.

Anayesoma takwimu hizo haraka atadhani kuna kitu katika maisha ya kijijini kinacholeta maradhi. Hakuna. Kirusi cha homa ya ini C hakikai kwenye maji ya mfereji wala kwenye chakula, na hakienezwi na mbu. Kinapita katika damu, kutoka mshipa mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo tukikikuta kwa wingi kijijini, swali la kwanza ni nani aliwachoma sindano watu hawa, na lini.

Jibu liko kwenye kichocho. Wakulima wa Delta ya Mto Nile walishinda ndani ya mifereji ya kumwagilia mashamba, na humo waliishi konokono wanaobeba minyoo ya kichocho. Watu walikojoa damu, na wengine waliishia kupata saratani ya kibofu. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliendesha kampeni kubwa ya tiba. Dawa ilikuwa ya antimoni. Haikumezwa, ilichomwa kwenye mshipa, na mgonjwa mmoja alihitaji sindano zaidi ya kumi kwa wiki kadhaa. Sirinji zilikuwa za kioo, foleni ndefu, na muda wa kuzichemsha ipasavyo haukutosha. Siwalaumu wauguzi wale. Walipambana na adui waliyemwona, wakati kirusi cha homa ya ini C hakikutambuliwa hadi mwaka 1989.

Ushahidi wa wazi zaidi ni umri. Maambukizi yalikuwa machache kwa vijana, yakapanda kadiri umri ulivyosogea, na kuwa mengi kabisa kwa wazee waliopitia sindano zile. Ndiyo maana wastani wa kijiji kizima huficha mengi: babu na mjukuu wanaoishi nyumba moja wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa. Lakini wembe wa kinyozi, sindano zilizorudiwa na damu isiyopimwa viliendelea kusambaza kirusi hata baada ya vidonge vya prazikwantel kuchukua nafasi ya antimoni.

Ipo tahadhari nyingine, na hii inawagusa hata wapimaji wa kwetu. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba kirusi kiliwahi kuingia. Takriban watu watatu katika kila kumi hukitoa wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa, na kingamwili hubaki. Waliotibiwa wakapona nao hubaki nazo. Kumwambia mtu ana ugonjwa kwa kipimo hicho pekee ni kumnyima usingizi bila sababu. Lazima kifuate kipimo cha pili kinachotafuta kirusi chenyewe.

Misri haikuishia kuhesabu. Mwaka 2014, dawa ya homa ya ini C iitwayo sofosbuvir ilipouzwa Marekani kwa dola 84,000 kwa tiba ya wiki 12, nchi hiyo ilipata bei ya dola 900, kisha viwanda vyake vikaitengeneza kwa bei ndogo zaidi. Kati ya mwishoni mwa 2018 na 2019 karibu watu milioni 50 walipimwa, na waliokutwa na kirusi wakapewa vidonge bure. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa imepiga hatua kubwa kuelekea kuutokomeza ugonjwa huu.

Kwetu Afrika Mashariki, kichocho bado kipo kando ya Ziwa Victoria na visiwani Zanzibar, lakini watoto humezeshwa prazikwantel shuleni. Hata hivyo, aliyeongezewa damu zamani, kabla damu haijaanza kupimwa kirusi hiki, au aliyechomwa sindano ya mtaani kwa sirinji iliyotumika, aombe kupimwa hata kama hajisikii kuumwa: ini linaweza kuharibika kimyakimya kwa miaka 20 au zaidi. Akikutwa na kirusi, vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.