Betri ya moyo hupangwa kitandani, ngazi hupandwa nyumbani

Mgonjwa amelala chali. Mtaalamu anaweka kisomeo cha mashine yake juu ya kile kibonge kilicho chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, anatazama namba kwenye skrini na kusema kila kitu kiko sawa. Wiki moja baadaye mgonjwa huyohuyo anapanda ngazi za ghorofa ya pili, na katikati pumzi inamkatika. Betri haijaharibika. Imefanya ilivyoagizwa.

Ninayoizungumzia ni betri ya waya tatu, wanayowekewa baadhi ya watu ambao moyo umeshindwa kusukuma damu ya kutosha na upande wake wa kushoto unachelewa kubana. Utafiti wa CARE-HF, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa betri hiyo hupunguza hata vifo.

Siri yake ni kusubiri. Chemba za juu zikibana, betri hungoja milisekunde 120 hivi, kisha huziamsha za chini zote mbili kwa pamoja. Ikikurupuka, mlango wa damu hufungwa chemba ya juu haijamaliza kumimina. Ikizubaa, umeme wa asili huitangulia, na upande wa kushoto hurudia kuchelewa kama zamani.

Sasa mgonjwa aanze kutembea haraka. Pigo lililokuwa likichukua milisekunde 1000 linachukua 500. Moyo mzima hupunguza kungoja wenyewe, na betri nyingi zina programu ya kuuiga. Lakini je, moyo mgonjwa unataka hivyo? Tafiti zilizowapima wagonjwa wakiwa mazoezini hazikubaliani: baadhi ziliona kufupisha kunasaidia, nyingine zikaona muda mrefu kidogo ndio unaofaa. Kwa hiyo anayepanga kwa kukariri anabahatisha.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa hesabu tu. Baada ya kila pigo betri hufumba macho kwa muda isidanganywe na umeme unaorudi juu. Ikiwa imepangwa kungoja milisekunde 150, kisha kufumba macho 300, jumla ni 450. Gawanya 60,000 kwa 450: unapata mapigo 133 kwa dakika. Chemba za juu zikipita hapo, betri huliona pigo moja na kulikosa linalofuata. Kwa mgonjwa ambaye njia ya asili ya umeme imekatika, mapigo huporomoka ghafla hadi 67 hivi akiwa katikati ya ngazi. Ambaye njia yake bado ipo, chemba za chini hupiga, ila kwa ule mwendo mbovu wa awali. Kitandani, mapigo yakiwa 70, hakuna atakayeyaona hayo.

Madaktari hutaka betri iendeshe zaidi ya asilimia 98 ya mapigo. Namba hiyo nayo huweza kudanganya, maana betri huhesabu hata pigo ambalo umeme wa asili umeshaliwahi.

Basi siku ya kliniki usiseme tu “nachoka”. Taja ni ngazi ya ngapi, na kama uchovu ulikuja polepole au kwa mkupuo. Kisha umwombe mtaalamu akutembeze kwenye korido na aisome betri ukiwa bado unahema.