Kusadikika na Wakanda: Nchi Mbili za Kubuni

Wako watu ambao wakisikia hadithi ya nchi isiyo katika ramani husema hayo ni mambo ya watoto. Watu hao hukosea. Hadithi ya kubuni ikitungwa na fundi hutueleza habari zetu wenyewe bila ya kututaja majina. Ushahidi tunao katika kazi mbili: riwaya ya Shaaban Robert, "Kusadikika", iliyochapishwa mwaka 1951, na filamu ya Kimarekani, "Black Panther", ya mwaka 2018, ambayo Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o aliigiza ndani yake.

Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama ashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Akijitetea mbele ya mfalme, asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alipata taabu, akarudi na maarifa, na ujira wake ukawa kifungo. Wakanda nayo ni nchi ya Afrika yenye utajiri wa madini na ufundi wa ajabu, lakini hujionyesha kwa walimwengu kama nchi maskini.

Wengi waliisifu filamu hiyo kwa vita na mavazi yake. Vivyo hivyo, wanafunzi huisoma Kusadikika wakitafuta tu nani ni mkoloni. Wote hupitwa na jambo kubwa zaidi. Ugonjwa wa nchi hizi ni mmoja: kujifungia. Kusadikika huwafunga wanaoleta habari za nje, na Wakanda huwanyima walio nje. Killmonger, ajaye kupindua kiti, ni damu ya ufalme huo huo, aliyeachwa Marekani akiwa mtoto baada ya mfalme kumwua baba yake.

Tofauti ni dawa. Katika Wakanda mambo hukatwa kwa mapigano. Katika Kusadikika, kwa ulimi. Karama hana jeshi wala ngao. Hapa Shaaban Robert amempita Ryan Coogler, mwongozaji wa filamu. Kweli, safari zile sita huchosha kwa kufanana, na majina kama Majivuno hufichua tabia mapema mno. Lakini aliyeandika alikuwa mtumishi wa serikali katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza. Kuiweka angani mahakama ya wadhalimu kulimpa nafasi ya kusema.

Hata hivyo, kazi zote mbili zamwachia mfalme neno la mwisho. Mfalme wa Kusadikika akubali, wafungwa wafunguliwa. Je, angalikataa? Haki inayotegemea moyo mwema wa mtu mmoja ni bahati, wala si ile sheria aliyoifundisha Karama. Basi msomaji aliyekifungia kitabu hiki kabatini siku ya mtihani na akitoe, akisome tena akiwa na swali hilo.