Jerania, Ua la Asiye na Shamba

Ukivuka barabara ya Thika kutoka Mathare, utafika Muthaiga, penye nyua pana na watunza bustani wa kuajiriwa. Ndiyo sababu wengi wetu hudhani kwamba maua ni mambo ya wenye ardhi. Lakini uko mmea usiohitaji hata hatua moja ya uwanja. Nao ni jerania ile inayotambaa, yenye majani manene, yanayong'aa, ya pembe tano. Hutundikwa dirishani au kwenye roshani ya ghorofa, ukateremsha vitawi vyake vyenye maua mekundu, meupe au ya waridi.

Wala si mmea wa Kizungu. Asili yake ni Rasi, huko Afrika Kusini. Mnamo mwaka wa 1700 gavana wa huko, Willem Adriaan van der Stel, aliupeleka Uholanzi, na sasa umejaa madirishani kote Ulaya. Siku hizi mashamba ya Kenya hukuza vipandikizi vyake na kuvipeleka huko kwa ndege.

Kuupanda si kazi. Omba kwa jirani kitawi kisicho na ua, chenye urefu wa kidole. Ondoa majani ya chini, kiache kivulini nusu siku ili penye jeraha pakauke. Kisha kichomeke katika mkebe uliotobolewa chini kwa msumari, wenye udongo, mchanga na mbolea iliyooza vizuri. Baada ya wiki 3 au 4 kitakuwa kimeshika mizizi.

Mathare maji hununuliwa kwa mtungi, lakini mmea huu hauna kiu kubwa. Adui yake hasa ni maji mengi. Chomeka kidole, udongo ukiwa mkavu ndipo umwagilie, hata kwa maji yaliyooshea sukuma wiki. Uweke penye jua, ukate ncha zake ili utoe matawi mengi, uondoe maua yaliyonyauka. Mwezi wa Julai, jua likiadimika, punguza maji.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, nyumba nyingi za kando ya Mto Mathare zilibomolewa mwezi uliofuata. Anayehamishwa hawezi kubeba ukuta wala bustani, bali mkebe hubebeka. Na hata mkebe ukipotea, kitawi chake kimebaki kwa jirani. Basi, msomaji, ukipogoa jerania yako usitupe vitawi. Mpe wa mlango wa pili.