Kwa nini ujumbe wa hasira unatangulia kufika?



Katika kambi nyingi watu wanapata habari kwa redio na kwa simu. Njia hizi mbili hazichagui habari kwa namna moja.

Mwandishi wa redio akiambiwa kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa, anapaswa kuuliza: Nani ameona? Lini? Upande wa pili unasema nini? Ndiyo kazi iliyoanzwa na Radio Okapi mwezi wa Februari 2002, wakati nchi yetu ilikuwa imegawanywa na vita.

Kwenye Facebook, kazi ya kupanga utaona nini kwanza inafanywa na algoriti, yaani hesabu zinazofanyika ndani ya kompyuta. Hesabu hizo zinaangalia zaidi ni watu wangapi wametazama, wamejibu au wametuma kwa wengine. Tangu mwaka 2017, alama ya uso wa hasira ilipewa uzito wa alama tano za kupenda. Kwa hiyo maneno ya kuchochea yalisaidiwa kupanda juu. Uzito huo uliondolewa mwaka 2020.

Hata magazeti yamevutwa. Yakitafuta wasomaji, mengine yanaweka kichwa cha habari cha kutisha ili mashine ikipandishe.

Hasara yake ni kubwa. Nchini Myanmar, maneno ya chuki juu ya Warohingya yalienea sana kwenye Facebook. Mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh. Mwaka 2018 kampuni yenyewe ilikubali kwamba haikufanya ya kutosha kuzuia mtandao wake usitumiwe kuchochea fujo.

Basi tufanye nini?

- Kwenye WhatsApp, ujumbe wenye mishale miwili umepitishwa mara nyingi. Uliza umetoka kwa nani.
- Picha isiyo na tarehe wala mahali, usiitume.
- Sikiliza kama redio unayoiamini imesema jambo hilo. Piga simu kwa mtu aliyeko pale.
- Viongozi wa kambi, chagueni watu wawili au watatu, wanawake na vijana wakiwemo, wa kuchunguza uvumi na kuwarudishia watu jibu siku ile ile.

Ukisikia risasi, usingoje: okoa familia yako. Lakini ujumbe unaoshitaki kabila zima unaweza kungoja mpaka tuulize. Jirani unayeambiwa umwogope leo ndiye mtakayechota naye maji kesho.